Adhabu kali, doria na magereza: nini hasa hupunguza uhalifu?

Swali la msomaji: Kampeni za uchaguzi zikifika, wagombea hushindana kuahidi adhabu kali zaidi, polisi wengi zaidi na magereza makubwa zaidi. Uhalifu ukipungua wanajisifu, ukiongezeka wanaomba madaraka zaidi. Kaka yangu naye hunitajia El Salvador, ile nchi ya Amerika ya Kati iliyokamata watu kwa maelfu ili kuvunja magenge, kila tunapobishana. Je, kuna mtu aliyewahi kupima kama sera za kudhibiti uhalifu zinafanya kazi kweli? Na kama zipo zinazofanya kazi, ni zipi?

Jibu:

Ndugu msomaji, zimepimwa. Si zote, na nyingi hupitishwa bila mtu kujisumbua kuzipima kabisa, lakini kwa zaidi ya nusu karne sasa watafiti wamefanya majaribio ya kweli, mitaani, mahakamani na magerezani. Wamekuta zipo sera zinazopunguza uhalifu, zipo zisizobadilisha kitu, na zipo zinazouongeza. Ule ukali unaoshangiliwa majukwaani ndio wenye ushahidi dhaifu kuliko mambo mengi mengine. Kinachomzuia mtu ni kuona kwamba atakamatwa, tena upesi. Urefu wa kifungo kinachomsubiri baada ya hapo huongeza kidogo tu. Kaka yako nitamfikia mwishoni, maana hoja yake ni nzito na haifai kupuuzwa.

Tuanze na namna ya kupima, kwa sababu hapo ndipo wengi hudanganyika. Sheria nyingi za jinai huzaliwa baada ya tukio la kutisha au baada ya mwaka mbaya kupita kiasi. Sasa, mwaka mbaya kupita kiasi kwa kawaida hufuatwa na mwaka wenye nafuu hata kama hakuna aliyefanya lolote. Ni sawa na homa inayoshuka kesho yake, na mgonjwa akaisifu dawa yoyote aliyokuwa amemeza usiku. Kwa hiyo mtu akisema, "Tulipitisha sheria, uhalifu ukashuka," mrudishie swali moja: ukilinganisha na wapi?

Chukua Marekani. Wafungwa wa magereza ya majimbo na ya serikali kuu waliongezeka kutoka takriban 200,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi zaidi ya milioni 1.5 kufikia 2009. Katikati ya safari hiyo, miaka ya 1990, uhalifu uliporomoka, na wengi wakasema magereza ndiyo yaliyoshinda vita. Lakini uhalifu ulishuka pia nchini Kanada katika miaka hiyohiyo, na Kanada haikujaza magereza yake namna ile. Vifungo vilichangia sehemu fulani, hilo watafiti wengi wanalikubali. Kuvipa sifa yote ni kufumba macho kwa makusudi.

Takwimu zenyewe nazo zina mitego. Kosa haliingii kwenye hesabu mpaka mtu aende kuliripoti na polisi wakubali kuliandika. Mwaka 2014 wakaguzi wa polisi wa Uingereza na Wales walikadiria kwamba karibu asilimia 19 ya makosa yaliyoripotiwa kwa polisi hayakuandikwa inavyotakiwa. Mwanzoni mwa mwaka huohuo, mamlaka ya takwimu ya Uingereza ilikuwa imeziondolea takwimu za polisi hadhi ya kuwa takwimu rasmi za kitaifa. Ndiyo maana nchi kadhaa huwauliza raia moja kwa moja, kwa sampuli kubwa, kama wameibiwa au kushambuliwa mwaka uliopita, wawe waliripoti au hawakuripoti. Bila kipimo cha aina hiyo unaweza hata kuiadhibu sera nzuri: kituo kinachoanza kuwapokea kwa heshima wanawake waliobakwa kitaandikisha kesi nyingi zaidi, na kwenye karatasi kitaonekana kimeshindwa.

Sasa polisi. Jaribio ambalo kila mtu wa fani hii hulijua lilifanyika Kansas City, Marekani, kati ya 1972 na 1973. Watafiti walichukua kanda 15 za doria wakazigawa mafungu matatu. Katika tano, magari ya polisi yaliacha kuzungukazunguka kabisa, yakawa yanaingia tu pale mtu anapopiga simu. Katika tano nyingine doria iliendelea kama kawaida. Katika tano zilizobaki iliongezwa mara mbili hadi tatu. Baada ya mwaka mzima waliwahoji wakazi na wafanyabiashara, wakahesabu makosa, wakapima hofu ya watu. Hakukuwa na tofauti yenye maana, na zaidi ya hapo, wakazi kwa jumla hawakugundua kwamba doria ilikuwa imeongezwa au kuondolewa. Gari linalopita barabara moja mara mbili kwa siku halimpi mwizi sababu ya kubadili mpango wake.

Wengi walisoma matokeo hayo wakakata tamaa na polisi. Walikosea. Zaidi ya miaka kumi baadaye, huko Minneapolis, mji mwingine wa Marekani, mtafiti Lawrence Sherman na wenzake waliangalia simu zote zilizopigwa polisi kwa mwaka mmoja wakakuta kwamba zaidi kidogo ya asilimia 3 ya anwani za mji ndizo zilizozalisha nusu ya simu hizo. Baa fulani, kona fulani, kituo fulani cha basi. Wakachagua sehemu korofi 110, wakazigawa kwa bahati nasibu, na nusu yake zikapewa doria zaidi. Safari hii simu za uhalifu zilipungua kwa kiasi, na vurugu ambazo watafiti walizishuhudia kwa macho yao zilipungua zaidi. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba polisi akisimama mahali hapo kati ya dakika 10 na 15 kisha akaondoka, utulivu hudumu kwa muda baada ya yeye kwenda. Akikaa sana, faida huanza kufifia. Majaribio mengi yamefanywa tangu hapo, na kwa ujumla yanaafikiana: polisi wakielekezwa mahali penyewe, uhalifu hupungua, na mara nyingi hauhamii mtaa wa pili kama watu wanavyohofia. Vichochoro vya jirani aghalabu hupata nafuu pia.

Naomba uielewe vizuri tofauti hiyo, maana kwenye jukwaa haionekani. Mgombea anayeahidi polisi 5,000 wapya hajakwambia chochote mpaka aseme watasimama wapi, na watafanya nini wakifika. Wakitumwa kukamata vijana hovyo na kudai hongo, watu wataacha kutoa taarifa, na bila taarifa za raia hakuna upelelezi unaokwenda mbali.

Hapo ndipo tunaingia kwenye suala la ukali. Mwaka 1764 Cesare Beccaria, Mwitalia, aliandika kwamba adhabu ndogo yenye uhakika humgusa mtu kuliko adhabu ya kutisha ambayo ana matumaini ya kuikwepa. Utafiti wa kisasa umemuunga mkono karibu kila hatua. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipopitia ushahidi mwaka 2014, lilihitimisha kwamba kurefusha vifungo ambavyo tayari ni virefu ni njia isiyo na tija ya kuzuia uhalifu. Kuhusu adhabu ya kifo, baraza hilohilo lilisema mwaka 2012 kwamba tafiti zilizokuwapo hazifai kutumiwa kudai kwamba inapunguza mauaji, inayaongeza, au haina athari.

Sababu si ngumu kuziona ukikaa na watu waliohukumiwa. Wengi hawakujua sheria inasema miaka mingapi. Wengine walikuwa wamelewa, wana hasira, au wako na kundi la rafiki zao. Na karibu wote, dakika ile, waliamini hawatakamatwa, kwa hiyo kati ya miaka 7 na miaka 15 hakukuwa na tofauti iliyoingia kichwani mwao. Halafu kuna umri. Uhalifu hupanda ujanani, hufikia kilele karibu na mwisho wa miaka ya balehe au mwanzoni mwa miaka ya ishirini, kisha huteremka. Mtu unayemfunga akiwa na miaka 22 mpaka afike 55, ile miaka ya mwisho unalipia chakula, askari na dawa za shinikizo la damu za mzee ambaye kwa uwezekano mkubwa angekuwa ameshaacha. California ilipitisha mwaka 1994 sheria ya makosa matatu, ambayo ilimpa mtu kifungo cha kuanzia miaka 25 hadi maisha kwa kosa la tatu zito kisheria, hata kama kosa hilo lilikuwa wizi usio na vurugu. Mwaka 2012 wapiga kura walewale wa California waliilegeza, kosa la tatu likatakiwa kwa kawaida liwe baya au la ukatili.

Uhakika wa kukamatwa haujengwi bungeni. Unajengwa na mpelelezi mwenye kesi chache kiasi cha kuzimudu, maabara inayorudisha majibu kabla ushahidi haujapoa, mwendesha mashtaka aliyesoma jalada kabla ya asubuhi ya kesi, na hakimu asiyekubali kuahirisha bila sababu. Fikiria shahidi wa wizi. Mara ya kwanza amefika mahakamani amevaa vizuri, ameomba ruhusa kazini, kesi ikaahirishwa kwa kuwa jalada halikuletwa. Mara ya pili wakili hayupo. Mara ya tatu amekutana na ndugu za mshtakiwa kwenye korido, wakamtazama. Mara ya nne haji. Kesi inafutwa kwa kukosa ushahidi, na kila kijana mtaani anajua imeishaje. Unaweza kuongeza adhabu ya kosa lile mpaka maisha, na bado hujagusa kilichotokea kwenye korido ile. Huo ndio upande wa mfumo wa haki ninaousikitikia kuliko wote, kwa sababu kuurekebisha hakuhitaji ushujaa wowote wa kisiasa. Kunahitaji fedha na uvumilivu, na hakuna anayepigiwa makofi kwa kuongeza makarani.

Lakini hata kanuni ya uhakika na upesi si ufunguo wa kila mlango, na ningekuwa nakupunja nisipolisema. Mwaka 2004 Jaji Steven Alm wa Hawaii alianzisha programu iliyoitwa HOPE kwa watu waliokuwa chini ya uangalizi wa mahakama nje ya gereza. Ukivunja sharti, mathalani ukikutwa na dawa za kulevya kwenye kipimo cha mkojo, unalala rumande siku chache, mara moja, bila mjadala. Tathmini iliyotolewa mwaka 2009 ilikuwa nzuri ajabu: waliokuwamo walikamatwa kwa makosa mapya mara chache sana kuliko wenzao. Programu ikasambaa. Kisha ikapimwa upya, kwa bahati nasibu, katika majimbo manne: Arkansas, Massachusetts, Oregon na Texas. Matokeo ya 2016 hayakuonyesha kwamba ilikuwa bora kuliko uangalizi wa kawaida. Jambo la aina hiyo lilikuwa limetokea pia kwenye ukatili wa majumbani. Jaribio la Minneapolis lililochapishwa mwaka 1984 lilionyesha kwamba kumkamata mume aliyepiga kulipunguza kurudia, na majimbo mengi yakaharakisha kulazimisha ukamataji. Jaribio liliporudiwa Milwaukee, likakuta kwamba wanaume wasio na kazi waliokamatwa waliongeza ukatili baadaye. Wanaume wenye kazi walikuwa na cha kupoteza, wale wengine waliona hawana.

Kuhusu gereza lenyewe, utafiti ninaouthamini sana umetumia jambo dogo la kiutawala. Katika mahakama nyingi kesi hugawiwa mahakimu kwa zamu, bila kuchagua, na kila mahakama ina hakimu mkali na hakimu mpole. Washtakiwa wanaofanana kabisa, mmoja akafungwa na mwingine akaachiwa kifungo cha nje, kwa sababu tu ya zamu ya siku hiyo. Ukiwafuatilia wawili hao kwa miaka, unajua kifungo chenyewe kimefanya nini. Nchini Norway, utafiti wa namna hiyo ulikuta kwamba kufungwa kulipunguza kurudia makosa, hasa kwa watu ambao hawakuwa na kazi kabla ya kuingia, kwa sababu ndani walipata mafunzo na walipotoka walipata ajira. Texas, kwa mbinu ileile, kifungo kilionekana kuongeza makosa baadaye na kupunguza ajira. Neno ni lilelile, gereza, lakini kinachofanyika ndani ni vitu viwili tofauti. Mtu akikwambia "gereza linarekebisha" au "gereza linaharibu", muulize gereza lipi.

Sasa niseme neno kwa upande wetu sisi tunaopenda kinga kuliko adhabu, kwa kuwa huruma nayo inaweza kuumiza. Mwaka 1939, huko Cambridge na Somerville, Massachusetts, ulianza mradi wa wavulana 506 waliopangwa jozi jozi. Mmoja wa kila jozi alipewa mshauri aliyemtembelea, kumsaidia masomo, kumpeleka kwa daktari, kumpeleka kambi za likizo. Mwenzake hakupewa kitu. Zaidi ya miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta. Wengi wa waliosaidiwa walikumbuka washauri wao kwa upendo na kusema mradi uliwafaa. Rekodi zilisema vingine: waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya zaidi katika ulevi, katika maradhi ya akili, hata katika umri wa kufa. Uchambuzi wa baadaye ulielekeza kidole kwenye zile kambi, ambako vijana wenye matatizo waliwekwa pamoja wakafundishana. Kisha kuna ile desturi ya kuwapeleka vijana gerezani kutishwa na wafungwa wa vifungo virefu, iliyovuma kutoka gereza la Rahway, New Jersey, miaka ya 1970. Majaribio ya nasibu yalipokusanywa pamoja, yalionyesha kwamba vijana waliopelekwa walitenda makosa zaidi kuliko ambao hawakupelekwa. Programu za aina hiyo bado zinaendeshwa, na zinapendwa.

Umeuliza zipi zinafaa. Mbali na doria za mahali penyewe, taa. Mwaka 2016, New York iliweka minara ya taa katika nyumba za umma zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, na makosa makubwa ya usiku yanayofanyika nje yalipungua kwa karibu asilimia 36. Vifaa vinavyofanya wizi uwe mgumu: Ujerumani Magharibi ililazimisha kufuli ya usukani kwenye magari yote, mapya na ya zamani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wizi wa magari ukashuka. Uingereza ililazimisha kwa magari mapya tu, wezi wakahamia ya zamani. Kwa mauaji ya magenge, mbinu ya Boston ya 1996: polisi, viongozi wa dini na watu wa huduma za jamii waliwaita ana kwa ana vijana wachache waliojulikana, wakawaambia kundi litakaloua ndilo litakaloandamwa, na anayetaka kutoka atasaidiwa. Vifo vya vijana kwa mwezi vilipungua kwa takriban asilimia 63, ingawa hapo hapakuwa na mgawanyo wa nasibu, na miji iliyoiga bila uvumilivu haikupata kitu. Na mafunzo yanayomfundisha kijana kusita na kufikiri kabla ya kujibu uchokozi yana rekodi nzuri, yakifanywa na watu waliofunzwa.

Sasa kaka yako. Asiambiwe kwamba hakuna kilichotokea El Salvador, kwa sababu kimetokea. Mwaka 2015 nchi hiyo ilikuwa na mauaji yapatayo 103 kwa kila watu 100,000. Takwimu rasmi za 2023 zilisema 2.4. Mama anayeweza kumruhusu mtoto avuke mtaa uliokuwa wa genge jingine hahitaji mhadhara kutoka kwangu. Lakini mwambie atazame mambo matatu. Kwanza, hali ya dharura iliyofungua njia ya kukamata watu wa magenge kwa wingi ilitangazwa Machi 2022, na kufikia 2021 kiwango kilikuwa tayari kimeshuka hadi karibu 18, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari ilikwisha kabla. Pili, El Salvador hiyohiyo ilijaribu mkono wa chuma mwaka 2003, na ukaongezwa ukali 2004. Mauaji yakapanda, na magenge yakajipanga vizuri zaidi ndani ya magereza. Jirani yake Honduras nayo ilitangaza hali ya dharura Desemba 2022, bila mporomoko wa namna ile. Ukali peke yake, basi, hauwezi kuwa maelezo. Tofauti ya 2022 ni ukubwa wa operesheni: zaidi ya watu 80,000 wamekamatwa katika nchi yenye watu takriban milioni 6. Ukiwaondoa mtaani karibu wote waliomo kwenye magenge, pamoja na wengi wasiokuwamo, magenge hayawezi kufanya kazi. Huko ni kuwaondoa watu kimwili, na hakuhusiani na kumfanya mhalifu aogope sheria.

Tatu ni bei yake. Mwaka 2023 bunge liliruhusu watu hadi 900 washtakiwe katika kesi moja. Serikali yenyewe imewaachia maelfu baada ya kuwashikilia. Kaka yako akisema bei hiyo inalipika, huo ni msimamo wa kisiasa na ana haki nao, ila aseme pia ni nani katika familia yenu angekubali awe miongoni mwa walioshikiliwa kwa makosa, na kwa miezi mingapi, kabla mtu hajafungua jalada lake.